Madoa kwenye Dari la Gari la Mama Zaina

Mpendwa Baba,

Jumapili iliyopita mama alinijibu swali nililokuwa nalo tangu nikiwa na miaka kumi na minne. Kwa kuwa lilikuwa linakuhusu wewe, naona ni haki nikuandikie. Hutaisoma barua hii, najua. Lakini wewe mwenyewe ulikuwa ukiongea na viti vya magari huku ukivishona, kwa hiyo hutanicheka.

Unakumbuka nilivyokuwa nikikuita? Sikukuita. Baba aliyenizaa tulimzika ukimbizini Karagwe, halafu mama na mimi tukarudi Rwanda. Hapa Gisenyi mama akaolewa nawe, fundi wa viti na magodoro, mwenye ndugu nusu Goma, nusu huku. Tukahamia kwako, mtaa wa Nengo. Kila nilipotaka kusema nawe nilianza na "samahani", ili nisilazimike kutafuta jina. "Samahani, chakula kiko tayari." "Samahani, kuna mtu mlangoni." Uliitika kana kwamba ndilo jina ulilobatizwa nalo. Kimoyomoyo nilikicheka Kiswahili chako, ile "mayi" yako badala ya maji, nawe ulisema changu ni cha redio.

Basi Jumanne moja, miaka ile ya mwisho ya tisini, Mama Zaina alileta gari lake jeupe. Alikuwa muuza vitenge, anavuka mpaka karibu kila siku. Dari la gari lilikuwa la kitambaa, na kitambaa kimejaa madoa ya maji, rangi ya chai ya rangi, kila doa na ukingo mweusi. Jumamosi gari hilo lilikuwa limbebe binti yake Zaina kwenye ndoa yake, na wakwe walikuwa wanatoka Goma, kama mpaka usingefungwa ghafla kama ulivyozoea kufungwa.

"Bibi-harusi atainua macho aone hii?" alisema. "Na wakwe watasema nini?"

Ulimwambia aje Jumamosi asubuhi. Jumatano ukavuka kwenda Goma kutafuta gundi, nami nikabaki na gari uani.

Hata leo sijui vizuri kilichonituma. Nilitaka kujua kama doa limekaa juu ya kitambaa au limeingia ndani. Hilo tu. Nikajaza beseni maji, nikachukua sabuni ya kufulia na brashi, nikapiga magoti kwenye kiti cha nyuma na kuanza kusugua. Doa likafifia. Nikafurahi, nikaongeza maji. Muda si mrefu likatanuka, likawa mara mbili ya lilivyokuwa, na kitambaa kikaachana na ubao wake, kikaning'inia juu ya kiti kama tumbo la ng'ombe. Nikakisukuma kwa kiganja, kikarudi chini. Nikafunga milango, nikaenda kumenya viazi.

Uliporudi ulifungua gari, ukatazama, ukagusa kwa kidole kimoja. "Kitambaa imekunywa," ulisema. Basi. Mimi sikutoka jikoni.

Kesho yake asubuhi Mama Zaina akapita, bila kutarajiwa, akielekea mpakani. Nilikuwa naanika nguo. Alifungua mlango wa gari na kupiga kelele mpaka majirani wakatoka.

"Ayiwe! Fundi! Nilikuletea mugonjwa, unanirudishia maiti?"

Nilisimama na shuka mkononi, maji yananidondokea miguuni. Nilijua sasa utanitaja. Ulikuwa na haki. Mji ulikuwa mdogo, na jina lako la fundi ndilo lililokuwa linatulisha.

"Ni mi," ulisema. "Niliweka mayi mingi. Makosa ni yangu."

"We? Miaka yote hii, unaharibu kama mutoto?"

"Hata mukubwa anaharibu, Mama Zaina. Kesho kutwa utaiona."

Alipoondoka ukaniita. "Kuya. Ingia ndani ya voiture."

Niliingia garini nikisubiri kugombezwa. Badala yake ulijaza jagi maji, ukasimama kwenye kigoda. "Angalia juu. Ukiona mayi, sema." Ukaanza kumwaga juu ya gari, polepole, kipande kwa kipande. Nje jua linawaka, na mimi peke yangu humo ndani nimenyeshewa mvua ya jagi. Ulimwaga juu ya kioo cha mbele, hakuna kitu. Ukamwaga pembeni, hakuna. Ulipofika kwenye antena, tone likachungulia karibu na taa ya ndani.

"Hapa!" nilipiga kelele. "Hapa! Lakini mbona uko mbali?"

Uliingia, ukaitoa taa, ukanishika mkono na kuupitisha ndani, chini ya bati. Kulikuwa na njia ya maji, baridi, kutoka kwenye tundu la antena hadi pale.

"Mayi haiangukake pale iliingilia," ulisema. "Inatembeaka kwanza. Ukisafisha doa na hauyue iko natokea wapi, utaisafisha kila mwaka."

Uliziba tundu la antena, na kuanzia hapo sikunyamaza siku mbili. Mbona doa lina ukingo mweusi? Kwa sababu maji yakikauka yanasukuma uchafu pembeni. Mbona hatusafishi doa lenyewe tu? Kwa sababu tutatengeneza ukingo mpya. Lazima twende mshono hadi mshono. Mbona povu na si maji? Kwa sababu nyuma ya kitambaa kuna sponji na gundi, na gundi haipendi kuoga. Ulipiga sabuni kwenye maji ya vuguvugu, ukachota povu peke yake, ukalipaka darini taratibu kwa kitambaa safi. Kukandamiza, si kusugua. Halafu kitambaa kingine chenye maji na siki kidogo, kimekamuliwa hadi kinalia. Milango tuliiacha wazi, upepo wa ziwa uingie.

Ijumaa tulibandika sehemu iliyoning'inia. Ulilaza viti, tukalala chali, wewe upande mmoja mimi upande wa pili kama wagonjwa wodini, viganja juu, tukisubiri gundi ishike.

"Ni mimi niliyesugua," nilisema, nikitazama dari.

"Nayua."

"Sasa kwa nini ulisema ni wewe?"

"Bon. Shikilia pale kwa kona. Gundi bado."

Ndilo swali lenyewe, Baba. Nilikuuliza mambo mia, ukanijibu yote. Hilo ulilikwepa, nami sikurudia.

Jumamosi Mama Zaina alifika na hina mikononi. Kabla hajatazama ulimwonyesha mwenyewe: "Hapa kwa kioo ya nyuma imebaki alama kidogo. Ilikataa kutoka." Aliingiza kichwa, akakaa humo muda mrefu.

"Leo Zaina ataangalia bwana," alisema hatimaye. "Hataangalia juu." Kisha akaniona mimi, gundi kwenye nywele. "Na huyu ni nani?"

Ulinitazama. Nikaona kwamba kweli hukujua umeruhusiwa kusema nini.

"Mtoto wake," nilisema.

Uligeuka, ukaanza kukusanya vifaa ambavyo tayari ulishavikusanya.

Tangu siku hiyo nilikuita Baba, mpaka hospitalini. Umeondoka miaka mingi sasa, nami nina gari langu, na kila mvua kubwa ikinyesha naangalia juu.

Jumapili tulikuwa tunapukuchua maharage, mama na mimi. Nikamuuliza tu, kama mtu anayeuliza saa: kwa nini siku ile wewe, Baba, ulijitwika kosa langu? Alicheka, kisha akaacha. Alisema Jumatano ile, ulipotoka kulitazama gari, ulimfuata chumbani ukamuuliza kama kuna basi la kwenda Karagwe na linapita siku gani. Ulikuwa umenisikia nikimwambia mama kwamba maisha ya hapa yakinishinda nitarudi kwa shangazi.

"Nikimugombeza mbele ya batu, ataenda," ulimwambia. "Kitambaa nitaibandika. Yeye nitamubandika na nini?"

Miaka yote hiyo nilidhani mimi peke yangu ndiye niliyekuwa naogopa.

"Mbona hukuniambia?" nilimuuliza mama.

"Hukuniuliza," akasema. Mimi, niliyekuuliza wewe mpaka gundi inatengenezwa na nini!

Lala vizuri, Baba. Karagwe nilikwenda mara moja tu, kumsalimia shangazi. Nikarudi siku ya nne.

Mtoto wako,
Jeanne