Kichwa cha Olga

Wamaza, mwezi wa nane

Mudogo wangu Cécilia,

Olga alifika muzima na pikipiki ya jirani Bruno. Huku mihogo iko, na mbuzi wetu amezaa mapacha. Asante kwa sabuni.

Nywele alizokuja nazo zilikuwa nzuri. Kanisani wanawake wote walimuzunguka, na yeye akaambia kila mutu: "Ni mama mudogo alinisuka."

Cécilia, nywele zake za kuzaliwa ni mimi nilizinyoa. Akiwa na miaka mitatu nilimusuka na uzi, akalia juu ya magoti yangu. Akaanza masomo, nikamukata fupi vile walimu wanataka, kila mwezi, miaka sita. Nilikuwa ninangoja amalize masomo ya primaire, ndipo nimusuke kama binti mukubwa. Akamaliza, nikamutuma asome kwako Kasongo. Wewe hukungoja hata mwezi moja, ukamusuka.

Juzi nilimufumua. Nilisema ninataka kumuosha kichwa tu. Kisha nikakamata wembe, nikamunyoa yote, nikamuambia masomo yake ya Kasongo yaliomba vile. Ni uongo.

Hakulia. Alijipapasa kichwa, akaniuliza: "Mama, mama mudogo atanitambua?"



Atarudi kwako mwezi wa tisa. Nakuomba, usimuambie ukweli. Nywele zikianza kuota, usiziguse. Nitakuja pa Noeli na kitana changu.

Mimi, mama yake,
Ernestine