Shamba Lako Kabla ya Trekta

Mama Ayuma,

Nimekaa kwenye kigoda chako mlangoni mwa jikoni, maana kutoka hapa naliona shamba lako lote mpaka mtoni. Jumatatu trekta ya kiwanda cha sukari itafika kulilima lipandwe miwa. Naogopa, na hapa nyumbani sina mtu mzima wa kumwambia.

Tangu tukuzike, miwa imesogea. Ng'ambo ya mto wamepanda hadi kwenye kuta za nyumba. Mtu akifungua dirisha, majani yanaingia ndani. Siichukii miwa. Imeleta mabati na karo, nami nashukuru. Lakini unanijua, sharti nieleze. Muwa hukaa shambani karibu miaka miwili kabla ya kukatwa. Aliyelima kila kitu akabakiza miwa tupu atakula nini wakati huo wote? Atanunua mahindi yanayoletwa kutoka Likuyani kwa bei anayotaka mwenye duka. Nilikuwa nafundisha kwamba umaskini ni kukosa pesa. Siku hizi naona ni kukosa la kuchagua. Juzi nilipita shuleni, nikakuta watoto wa ng'ambo wakitafuna miwa saa ya chakula cha mchana. Baadaye walilala kwenye madawati. Nikawafikiria wajukuu wetu.

Kiwanda hakilimi vipande vidogo. Majirani huunganisha mashamba yawe eneo moja, ndipo trekta ije, na letu liko katikati. Nikikataa, wote wanakosa. Ndugu yangu Makokha alikuja baada ya kanisa, akakataa kiti.

"Mwalimu, wewe unakulanga pensheni," akasema. "Sisi tukule maneno yako?"

Ana watoto, na ana haki. Nikamwambia achukue sehemu yote ya juu, aniachie hii ya kando ya mto, ulipokuwa ukipanda mboga. Akasema vigingi vimeshapigwa mpaka majini, na wapimaji hawatarudi kwa ajili ya mboga za sukuma za marehemu. Alitamka hivyo hivyo, Mama Ayuma. Kisha akaliona kaburi lako, akashika kofia yake, akaenda.

Alhamisi asubuhi nilisikia majembe. Rasoa na wenzako wale mliokuwa mkipaliliana mashamba kwa zamu walikuwa wamefika na marando ya viazi vitamu, wanapanda ndani ya vigingi. Unajua desturi ya hapa: hata ndugu wakigombania mpaka, hakuna anayelima juu ya mmea wa mwenzake kabla haujavunwa. Sikuwatuma. Nilimwambia Rasoa kwamba naogopa njaa, na namwogopa ndugu yangu, na sijui naogopa kipi zaidi.

"Ogopa ukifanya kazi, shemeji," akasema. "Shika hayo marando. Viazi vikikataa tutakupika wewe, ingawa umekauka."

Nikapanda. Mistari yangu ilipinda, wakanicheka mpaka jua likawa kali. Ulikuwa ukinicheka hivyo hivyo, kisha unarudia mstari wangu bila kusema kitu.

Lakini dereva wa trekta si mtu wa hapa. Desturi yetu haijui. Yeye huona vigingi tu, na trekta ikishapita hakuna cha kubishania.

Jana jioni Makokha alisimama njiani akiyatazama marando. Nilimwomba Jumatatu asimame nami, amweleze dereva kwamba alime yote ya juu, na ya mtoni yabaki. Nikamwambia pia kwamba kama kila boma lingebakiza kipande cha chakula, tungepata miwa na ugali pia. Aligeuka akaenda zake. Ila aliporudi kwake alizunguka shamba, hakukatiza ndani.

Sijui maana yake.

Pumzika, mke wangu. Wajukuu wamekula leo, wamelala. Nakuahidi kwamba Jumatatu trekta itanikuta nimesimama katikati ya viazi, Makokha akija au asije. Nitatetemeka, lakini sitaondoka.

Mume wako,
Mwalimu