Msaka Vipaji Asiyefika Uwanjani

Jumanne, tarehe 9

Kaka mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta ukitembea bila kuchechemea, maana wifi aliniambia goti limeanza tena na hutaki kusikia habari ya hospitali. Watoto hawajambo? Mimi ni mzima wa mwili. Nimeshika kalamu kwa sababu wifi anasema umezima simu tangu wiki iliyopita na hutaki hata kuiona mezani.

Ameniambia pia kwamba Jumamosi unaikabidhi timu, mipira na jezi zote, kwa yeyote atakayenyoosha mkono. Miaka kumi na tisa, kaka. Nakuomba usome barua hii mpaka mwisho kabla ya siku hiyo.

Unajua nafanya kazi kwenye ile kampuni ya programu ya simu inayowaunganisha wachezaji na makocha na wasaka vipaji. Mama anawatambia majirani kwamba nimo kwenye mpira wa kimataifa. Ukimataifa wenyewe ni vyumba viwili juu ya duka la magodoro. Sakafuni wametandika zulia la nyasi za plastiki, na juu ya kabati kuna mpira ambao haujawahi kupigwa teke. Tunaufuta vumbi kila Ijumaa. Mkurugenzi wetu huvaa jezi namba kumi inayombana kitambi, na mwezi wa pili aliniuliza, bila haya, kwa nini kipa havai sare na wenzake. Huyo ndiye anayewaahidi watoto wa watu kwenda kucheza ng'ambo.

Mchezaji akituma video yake, anaonyeshwa picha za wasaka vipaji ishirini na wanne, wazee wenye sura za busara. Hao hawapo. Tupo watatu. Mmoja alifukuzwa kampuni ya bima, na hutazama kila video kwa sekunde kumi huku akikata kucha. Wa pili ni binamu wa mkurugenzi, ambaye humwandikia kila mtu kwamba ana kipaji na asikate tamaa. Aliwahi kumwandikia hivyo kijana ambaye hakugusa mpira video nzima. Aliyekuwa akipiga chenga ni mbwa aliyeingia uwanjani. Wa tatu ni mimi. Kuhusu makocha wa timu kubwa, tangu nianze, tarehe 3 Februari mwaka jana, wamejiandikisha watatu, na mmoja wao alikuwa anatafuta pa kuuzia viatu.

Sasa nije kwa wachezaji wako. Wifi amenisimulia kwamba ukiwafundisha jambo wanakujibu kuwa Jicho la Tai, msaka vipaji wao wa kwenye simu, alishalieleza, tena vizuri zaidi. Kwamba winga wako wa kushoto alikuambia mbele ya wenzake, mzee, zama zako zilikwenda na mpira wa matambara. Kwamba nahodha, uliyekuwa ukimfunga kamba za viatu akiwa na miaka tisa, ulipomweka benchi kwa kuchelewa mazoezi mara tatu, alikuja kukusomea kwa sauti alichoandikiwa kwenye simu yake ili wote wasikie. Nawe ukasema basi huyo Jicho la Tai aje awafundishe, ukachukua filimbi yako ukaondoka.

Hawezi kuja, kaka. Jicho la Tai ni mimi.

Nilipewa jina hilo na picha ya mzee mwenye mvi, vijana wakaanza kuuliza maswali. Sijawahi kucheza mpira. Nilichokuwa nacho ni shajara zangu za sekondari, za wakati nilipokuwa nakaa pembeni ya uwanja nikikusubiri turudi nyumbani, nikiandika uliyokuwa ukiwafokea. Tarehe 12 Juni: beki asitazame miguu ya mshambuliaji, atazame mpira. Tarehe 30 Agosti: pasi nzuri ni ile inayomrahisishia mwenzako pasi yake. Nilinakili tu. Mabwege hao wanakudharau kwa mafundisho yako mwenyewe, na hakuna aliyeitambua sauti iliyomlea.

Ila sentensi moja haikuwa yako. Tarehe 21 mwezi uliopita nahodha aliandika kwamba kocha wake kamweka benchi. Mkurugenzi alikuwa nyuma ya kiti changu, akasema mteja haudhiwi. Nikaandika kwamba kocha anayemweka benchi mchezaji wake bora anamwonea wivu. Jezi aliyovaa kwenye picha yake niliitambua pale pale, ni ya timu yako. Namba zile nilizishona mimi. Nilikuwa na muda wa kufuta na sikufuta. Nimewasema wenzangu barua nzima, lakini hakuna kati yao aliyewahi kuandika uchafu kama ule.

Leo asubuhi nimeacha kazi. Kabla ya kuondoka niliwaandikia wachezaji wako wote, kwa jina langu na picha yangu, kwamba msaka vipaji wao ni dada wa kocha wao na maneno ni ya kocha wao, isipokuwa lile la wivu, ambalo ni uongo wangu. Nahodha amejibu kwamba mwanamke hawezi kuujua mpira hivyo, nimtafutie Jicho la Tai mwenyewe.

Kwa hiyo Jumamosi nitakuja kusimama mbele yao na kusema tena, wakinizomea wanizomee. Naomba nikukute bado kocha wao. Ukitaka kuacha baada ya hapo, uache kwa sababu yako, si kwa sababu yangu.

Msalimie sana wifi, na watoto wote mmoja mmoja. Goti ulipeleke hospitali.

Ni mimi niliyekukosea,
Mdogo wako wa mwisho