Mume Wangu Anaamini Risasi za Bei Mbaya, Kulungu Hawaziamini

Bi Orpha mpendwa,

Shikamoo. Naomba unishike mkono kabla Jumamosi haijafika, maana Jumapili msimu wa kulungu unafungwa, na mimi nikisema naharibu nyumba, nikinyamaza naharibu pia, na huku kwetu kaskazini ya Michigan friza ikiwa nusu mwezi huu wa kumi na moja unajua mwenyewe Februari itakuwaje.

Mume wangu anaitwa Rudy, ni mtu mzuri na simchafui jina, nepi anabadilisha bila kuambiwa, ila ana ugonjwa mmoja tu, ugonjwa wa boksi. Mwezi wa kumi tulipima shabaha ya bunduki nyuma ya nyumba, tukabandika sahani ya karatasi kwenye marobota ya majani makavu, Hattie wetu akabaki ndani na mama mkwe, tukatumia zile risasi za kawaida zenye ncha ya kijivu ambazo dukani wanaziweka rafu ya chini kabisa karibu na chumvi ya ng'ombe. Rudy akazungusha vile visikurubu vya darubini mpaka sahani ikatoboka katikati, na mimi nikapiga ikatoboka hapo hapo, tukaingia kula tumefurahi. Sasa siku moja kabla ya msimu kufunguliwa akaangalia video ya jamaa mwenye ndevu anayepiga risasi kwenye kitu kama jeli, akatoka mbio, akarudi na boksi jeusi lenye picha ya mlima na dume mwenye pembe kama kiti cha mfalme, risasi zenyewe zina ncha nyekundu za plastiki kama rangi ya kucha.

Nikamuuliza, "Baba Hattie, hizi tunazijaribu lini?"

Akacheka. "Hizi hazijaribiwi, mke wangu. Ukipiga moja kwenye sahani ni kama umetupa nyama."

"Na zile za kijivu?"

"Zile za mazoezi. Kulungu anastahili kitu cha heshima."

Basi kulungu wakaheshimiwa, Bi Orpha, wakaheshimiwa mpaka wakaondoka wazima. Asubuhi ya kwanza dume alisimama ubavu kama anayepigwa picha, Rudy akafyatua, dume akamtazama, Rudy akafyatua tena, dume akaenda zake kwa hatua za mtu anayetoka dukani. Na kambi ni ya baba mkwe, Mzee Wendell, sheria yake unaijua, ukikosa shati linakatwa mkia. Shemeji Dale akamshika ndugu yake mabega, mzee mwenyewe akashika mkasi, wakakata kipande cha nyuma cha lile shati jekundu nililompa siku yake ya kuzaliwa, wakakigongomea ukutani juu ya jiko pamoja na vya wenzake.

"Tulia bwana, usije ukanikosesha na mimi!" mzee anasema na mkasi.

"Ulikuwa upepo, baba."

"Upepo gani? Moshi wa jiko ulipanda wima kama nguzo ya simu!"

Hapo nilicheka na mimi, nakiri. Lakini kesho yake Rudy alimpata dume mdogo mguu wa mbele, chini, wakafuata damu kwenye theluji wote watatu mpaka kwenye kile kinamasi cha mierezi, damu ikapotelea majini. Rudy akarudi hakula. Hilo ndilo linaloniuma, siyo shati.

Ikafika Jumanne, Rudy yuko kazini kinuni anapasua mbao, mama mkwe akamshika Hattie, nikachukua bunduki ile ile, nikachukua na risasi za kijivu zilizobaki kwenye droo ninamoweka chuchu za chupa za mtoto, nikavaa fulana yangu ya rangi ya chungwa nikapanda jukwaani juu ya mti. Jike akaja taratibu. Nikavuta pumzi vile ninavyovuta nikisubiri mtoto asinzie, nikampiga nyuma ya bega, akakimbia kama kutoka mlangoni kwetu hadi kwenye sanduku la posta, akaanguka chini ya msonobari. Tulipomchuna baadaye, risasi tuliikuta imenasa chini ya ngozi ya upande wa pili, imechanua kama uyoga, imepita mapafu yote mawili na nyama iliyoharibika haijazi hata bakuli la paka. Risasi hiyo nimeiweka kwenye chupa tupu ya uji wa Hattie.

Jioni tukampeleka kambini kumtundika. Mzee Wendell akauliza nani kamwangusha, na lebo ya leseni iko sikioni ina jina langu, kwa hiyo Rudy hakuweza kuchukua sifa ya kulungu, akachukua ya risasi.

"Nilimpa moja ya zangu, baba. Za ncha nyekundu."

Nikafungua mdomo. Hattie nimempakata, akanishika mdomo na vidole vyake, nikanyamaza.

"Si nasema siku zote!" mzee akapiga meza. "Kitu kizuri lazima ununue. Ukiwa nacho hata mwanamke anapata!"

Dale naye kesho yake tayari anaulizia boksi jeusi. Usiku ule tukiwa njiani kurudi nyumbani Rudy aliniambia, "Niachie hili moja tu, mama. Mkia wa shati wanao, wasichukue na hili." Kisha akaniomba nilishonee shati kipande kingine lisionekane limekatwa. Na Jumamosi anakwenda tena na zile zile nyekundu ambazo mpaka leo hazijagusa sahani.

Shule niliiacha kabla sijamaliza, kubishana na boksi siwezi, lakini nampenda na naamini nikipata maneno sahihi atasikia. Niseme mbele ya baba yake, au nimfichie? Nikimwogesha Hattie namfikiria yule dume wa kinamasini.

Ni mimi Mama Hattie, Barabara ya Kinu

---

Marahaba, Mama Hattie.

Hongera ya jike. Sasa kaa chini, maana umenichekesha hadi chai imenimwagikia, halafu kwenye kinamasi ukanikatiza kicheko.

Risasi haijui bei yake, mwanangu. Haijaiona ile picha ya mlima, wala haijamtazama yule mwenye ndevu. Inakwenda pale bunduki ilipofundishwa kuipeleka, na bunduki yenu mliifundisha kwa za kijivu. Nyekundu zina uzito wao na mwendo wao, zinatua kwingine, na kiganja kimoja tu chini ya mapafu ni mguu. Mumeo amemzoesha mbwa jina moja, siku ya kazi akamwita kwa jina lingine, mbwa asipokuja akalaumu upepo!

Wala usinijengee kanisa la ncha ya kijivu. Kwa umbali mnaopiga huko msituni, nyuma ya bega, hizo za rafu ya chini zimelisha wilaya hii tangu kabla ya video. Ukitaka kupiga ng'ambo ya shamba la mtu, au ukigonga mfupa mkubwa wa bega, zinaweza kuvunjika vipande na kukuharibia nyama. Subiri akae ubavu, awe karibu, kama ulivyosubiri. Hizo nyekundu nazo hazina kosa. Kosa limeishika bunduki na kuvaa shati fupi.

Lakini na wewe nina neno nawe. Unamcheka mumeo kwenye barua, kambini unaziba mdomo, kisha unamsingizia mtoto. Kidole cha Hattie ni kama njugu! Ulimwacha mzee akaondoka na uongo, na uongo huo sasa Dale anakwenda kuupakia kwenye bunduki. Na huyo Mzee Wendell na "hata mwanamke" yake, mwambie Bi Orpha anauliza kwa heshima zote, kati ya ile mikia iliyo juu ya jiko, yake ni mingapi?

Fanya hivi. Ijumaa mchana Rudy akitoka kinuni, sahani iwe imeshabandikwa pale pale. Mpe boksi lake jeusi. Usimhubirie. Mtoto abaki ndani, wewe simama nyuma yake unyamaze, safari hii kimya chako kina kazi. Apige nyekundu, akaitazame sahani kwa miguu yake. Akiona tundu liko chini, achague: arudi kwa za kijivu, au azungushe visikurubu na azitumie hizo za heshima kwenye karatasi mpaka zitue katikati. Mfuko ukimuuma kuzipiga, ajue hakuwa na uwezo wa kuzinunua. Akikataa sahani, bunduki haitoki nyumbani. Nyama ni yenu wote, na neno lako ni la nyumba hiyo.

Kisha kinamasini. Jumamosi, kabla hajapanda jukwaa lolote, aende na mwanga wa mchana atafute. Kunguru watamwonyesha pa kuanzia. Huenda asimpate, lakini miguu yake ilowe.

Kwa baba yake aseme yeye mwenyewe, Jumamosi kabla kahawa haijamiminwa, Dale akiwepo. Usimwumbue mbele ya watu bila kumwonya, ni mumeo na amekuomba kwa upole. Ila mwambie leo hii: "Baba Hattie, nafasi ya kusema ni yako, na chupa iko mfukoni mwangu." Kahawa ikimiminwa naye hajasema, weka hiyo chupa ya uji mezani, katikati ya vikombe, na useme wewe kwa sentensi moja. Mwanaume anayebadilisha nepi bila kuambiwa atavumilia kusikia kwamba alikosea risasi. Nami, kama wewe, namtarajia aseme kabla yako.

Na lile shati usilishone. Aende nalo hivyo hivyo Jumamosi. Akiinama juu ya bunduki, baridi itampiga kiunoni, na kabla hajafyatua atakumbuka sahani.

Bi Orpha