Senti kumi kwenye hame la Baba

Jumamosi, jioni. Mlima umejifunika ukungu tangu asubuhi. Miguu inaniuma kuanzia nyayo hadi nyonga, viatu nimeviacha mlangoni na tope lake, na hamu ya kupika sina. Nimekunywa chai na mkate wa jana, basi.

Leo nilikwenda kwetu. Naandika "kwetu" kwa mazoea tu, maana si kwetu.

Sisi Waluguru ardhi yetu hufuata upande wa mama. Baba alijenga juu ya Mlali kwenye shamba la ukoo wake, akatuzaa huko, tukalima huko. Alipofariki, shamba likarudi kwa ukoo wake, na sasa linashikwa na binamu yangu Method, mtoto wa shangazi. Mama alifungasha sufuria zake akarudi kwa kaka zake upande wa Mgeta. Hakuna aliyetufukuza. Ndiyo desturi, na sisi wenyewe tunakula mashamba ya wajomba zetu kwa desturi hiyohiyo. Nyumba ya Baba ilibaki bila mtu, ikaanguka, pakawa hame. Sikukanyaga pale kwa zaidi ya miaka thelathini.

Kilichonirudisha ni mashine. Mwanangu alinunua detekta, mashine ya kutafutia madini ardhini, alipokwenda kujaribu bahati kwenye dhahabu. Dhahabu ikamkataa, akaiacha mashine chini ya kitanda changu akaenda zake Mwanza. Nilipostaafu uuguzi nikaifuta vumbi. Nilianza na ua wangu hapa Bigwa, nikapata misumari, vizibo vya soda na kijiko changu mwenyewe. Kisha nikaanza kuomba ruhusa kwenye mahame ya watu. Nimeokota sarafu za heller za Mjerumani, senti zenye tundu, na vifungo vya makoti ya watu ambao hata majina yao hayatajwi tena. Navisafisha kwa mswaki, navipanga kwenye sinia. Nusu ya majirani wanadhani nina utajiri, nusu wanadhani nimechanganyikiwa.

Ni kazi ya mtu asiye na wa kuzungumza naye, nakubali. Ukishavaa visikio vya mashine, hakuna anayekuuliza kwa nini uko kimya.

Lakini kwenye hame la Baba sikufuata vitu vya kale. Method nilimdanganya kwenye simu.

Nilikuwa na mdogo wangu, Felista. Alifariki kwa surua akiwa na miaka mitatu, mimi nikiwa na saba. Mama, pamoja na misa zake zote za Jumapili, alikuwa amemfunga kiunoni uzi wenye senti kumi, ile kubwa yenye tundu katikati, iwe kinga yake. Siku moja uzi ukaokotwa mlangoni umekatika, na senti haipo. Mama akasema alitumia uzi uliochoka. Tuliitafuta pale mlangoni mpaka giza likaingia tukashindwa kuona mikono yetu. Hazikupita wiki mbili, mtoto akaugua. Mama alijilaumu kwa uzi ule mpaka anaingia kaburini.

Mimi nina kumbukumbu nyingine. Nakumbuka nikiukata uzi kwa meno huku Felista akicheka kwa sababu namtekenya. Nakumbuka nikicheza duka kwenye jiwe kubwa nyuma ya jiko, majani yakiwa mboga, na mimi peke yangu nikiwa na senti ya kweli. Baada ya hapo sikumbuki.

Nimechanja watoto surua miaka thelathini na zaidi. Najua vizuri kilichomuua Felista, na senti haikuwa na la kufanya. Lakini Mama hakuilaumu surua, aliulaumu uzi. Kama mimi ndiye niliyeukata, basi alibeba mzigo wangu maisha yake yote huku namtazama.

Miaka mingine nilijiambia kwamba nimejitungia, kwamba mtoto wa miaka saba hawezi kukumbuka hivyo. Kwa hiyo mpango wa leo ulikuwa mwepesi. Senti ikiwa mlangoni, nimejitungia. Ikiwa kwenye jiwe, sikujitungia.

Niliomba sana iwe mlangoni.

Method alinipokea kwa shikamoo nzuri, kisha akakaa kwenye tuta la kabichi na panga lake magotini, akakataa kuondoka. "Dada, usinielewe vibaya," alisema. "Kule chini wanasema umekuja kuchukua rupia za Mjerumani. Wengine wanasema unapima shamba." Nikamwambia akae tu, anione. Ningekuwa yeye ningekaa pia. Mtoto wa marehemu anarudi na mashine baada ya miaka yote hiyo, nani asingeshtuka?

Mlango niliutambua kwa mawe mawili ya msingi. Nilipitisha mashine pale polepole, mara ya kwanza, ya pili, ya tatu. Chuma hukoroma kwenye visikio, shaba hulia sauti nyembamba. Nilipata bawaba na misumari. Nilipata vifungo viwili vya shaba vya koti la kaki la Baba, maana alikuwa tarishi wa mahakama na koti lile alilivaa hata shambani. Siku nyingine ningefurahi wiki nzima.

Manyunyu yakaanza. Naungama hapa kwamba nilikunja mashine. Nilikuwa na vifungo vya Baba mfukoni, ningeweza kushuka mlima na shaka yangu, nimeishi nayo miaka mingi na imenizoea. Nilifika hadi kwenye migomba. Kisha nikageuka, nadhani kwa sababu nyumbani hakuna mtu anayenisubiri na nilikuwa na muda.

Jiwe liko palepale. Ni dogo kuliko nilivyolikumbuka.

Mashine ililia kabla sijamaliza kuipitisha mara moja. Nilichimba kwa kijiti na vidole, udongo mweusi, kina cha kiganja. Senti kumi, ya kijani kwa kutu, tundu limejaa udongo.

Nilikaa chini kwenye tope kama mtoto. Method akaja mbio, nafikiri alidhani nimeanguka. Akaichukua, akaigeuza, akaniangalia. "Hii tu?"

Ndipo nikamwambia. Sijui kwa nini yeye, ambaye wakati ule hata hakuwa amezaliwa. Nilimweleza uzi, meno, duka, surua, Mama. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kuyasikia maneno hayo kwa sauti yangu mwenyewe. Method alikuwa hajui hata kwamba nilikuwa na mdogo. Alinisikiliza mpaka mwisho, mvua ikimtiririka shingoni, akanirudishia senti.

"Ulikuwa mtoto, Dada. Mtoto hana kosa."

Kisha akanikatia kabichi mbili za kubeba, akanisindikiza hadi barabarani, na watu waliokuwa wamekusanyika pale kungoja rupia wakaona kabichi wakatawanyika.

Mtoto hana kosa. Ni maneno niliyoyangoja tangu nina miaka saba, na leo nimeyapata, na hayajanifanya kitu. Method hakuwa ananidai deni la kunisamehe. Mwenye haki hiyo ni Mama, na Mama aliishi nami humu ndani miaka minne ya mwisho. Tulichambua mchele pamoja, tukasali rozari pamoja. Mara nyingine aliinua kichwa tu, bila kuulizwa, akasema, "Ningetumia uzi mpya." Nami nikajibu, "Yamepita, Mama." Nilimjibu hivyo miaka minne. Neno moja tu lingemtua mzigo, na nililiogopa kwa sababu nilitaka aendelee kunipenda vilevile.

Hilo si kosa la mtoto. Nilikuwa mtu mzima, muuguzi, na cheti ukutani.

Kesho sitakwenda misa hapa. Nitapanda gari la Mgeta asubuhi. Mama na Felista wamelala kwa wajomba, kaburi kando ya kaburi. Nitaanza na shikamoo. Baada ya hapo sijui.