Bata Mwitu Bafuni

Jumatatu, 4 Machi

Nimerudi nyumbani na bata. Sina akili.

Ilikuwa hivi. Tuko chumba cha kufulia cha hospitali, mashine zinanguruma, mashuka ya wodi ya upasuaji yamerundikana hadi kiunoni. Mwenzangu wa pasi akaniita dirishani. Kule nyuma, kwenye dimbwi la maji ya mvua, mbwa wa mlinzi amemkamata bata mwitu. Jike. Keshamvunja shingo. Na mlinzi anacheka! Eti leo mbwa naye kala nyama. Vifaranga wanazunguka tu majini wanalia, hawajui hata pa kukimbilia.

Nikashuka na kapu la nguo chafu. Sketi imelowa chapachapa, kiatu kimoja kimebaki kwenye tope mpaka sasa. Nimewapata sita. Msimamizi kasema miguu ile nikiipeleka kwenye mashuka safi, kesho nisijisumbue kuja.

Wako jikoni kwenye boksi la sabuni, chini ya taa ya mezani. Baba kasikia kutoka kitandani kwake. Kapiga kengele yake — kengele ile, ipo siku nitaitupa chooni — akauliza nimeleta nini. Nimesema ni simu inalia. Kasema simu gani inanuka matope.

Jumanne, 5 Machi

Nimempigia daktari wa mifugo. Kwanza kanipa somo: bata mwitu si kuku. Kumweka nyumbani bila kibali cha idara ya wanyamapori ni kosa, mtu anashtakiwa. Basi kibali kinapatikanaje? Uwe na banda, uwe na bwawa, uwe umesomea. Nina jiko na beseni.

Nikauliza kituo chenye kibali. Kipo kimoja, kimejaa, na wadogo kiasi hiki hawapokei. Sasa afisa akiwachukua anawapeleka wapi? Akakohoa.

"Wanawachoma sindano, mama. Hawaumii."

Hawaumii! Kila anayesema hivyo hajawahi kuchomwa yeye.

Halafu akashusha sauti, akanieleza kila kitu haraka haraka kama mtu anayeuza kitu cha wizi. Joto. Yai la kuchemsha, lisagwe. Majani yakatwe madogo. Mkate marufuku. Maji kwenye kisahani chenye mawe, wasizame. "Na hukunipigia," akasema. Sikumpigia.

Alhamisi, 7 Machi

Mmoja amekufa. Alipanda kwenye bakuli langu la kuoshea mboga, akalowa, akapigwa na baridi. Nilidhani bata halowi. Kumbe mafuta ya manyoya wanapakwa na mama yao. Haya mambo nani angeniambia?

Nimemfunga kwenye gazeti. Halafu nikaenda kumwogesha Baba, maana yeye hangoji msiba wa mtu.

Nikiwa namsugua mgongo akasema, "Walete niwaone." Nani? "Usinifanye mtoto. Walete." Nikaleta boksi, nimejikaza kwa matusi. Baba alikuwa askari magereza mpaka anastaafu. Sauti yake imepinda tangu apooze, lakini amri bado ni amri.

Akachungulia. "Wangapi hawa?"

"Watano."

"Jana nilisikia sita."

Nikamwambia. Akaitikia kwa kichwa kama anayepokea taarifa ya zamu. Akanyoosha mkono wake mzima. Mmoja akapanda kiganjani, akaingia kwenye mkono wa shati, akatokea kwapani. Baba akacheka! Akacheka mpaka mate yakamtoka na mimi nikayafuta.

Nimekaa jikoni nikijaribu kukumbuka kama nimewahi kumchekesha. Sikumbuki.

Jumapili, 10 Machi

Boksi limehamia chumbani kwake. Kaamuru. Anawahesabu asubuhi na jioni, kwa sauti, kama wafungwa.

Anawaita "wanangu".

Nimelisikia neno hilo nikiwa mlangoni na chungu cha mkojo mkononi. Wanangu njooni, wanangu kuleni. Mimi ananiita "we". We, maji. We, mto. Tangu nilipomwacha mume wangu nikarudi hapa na masanduku, jina langu limemponyoka. Kabla hajapooza alisema nimemwaibisha. Alipopooza nikadhani atasahau. Kasahau kutembea, kasahau siku, hilo hajalisahau.

Kaka naye anaitwa "mwanangu". Kaka anapiga simu mara moja kwa juma na Baba anajiweka sawa kitandani kana kwamba anaonekana. Ndiyo mwanangu. Sina shida mwanangu. Sina shida! Nani kambadilisha nepi asubuhi ile?

Basi. Bata wanakua. Wanakunya kuliko wodi nzima.

Jumatano, 13 Machi

Leo nimerudi kutoka kazini, kiti cha magurudumu cha Baba hakipo chumbani. Nikakimbia. Niko nusu ya ukumbi nasikia maji.

Baba yuko bafuni. Kajisukuma mwenyewe! Mwalimu wa mazoezi ya viungo alikuja miezi na miezi akimbembeleza asukume lile gurudumu, Baba akimtolea macho tu. Leo kafika bafuni, kafungua bomba, kajaza beseni kiasi, kawaweka wote watano ndani. Mkono mmoja. Taulo la bluu begani, tayari kuwakausha. Wanapiga mbizi, wanatokea upande wa pili, na yeye anacheka kama mlevi.

Nikapiga picha. Nikamtumia Kaka. Mwone baba yetu, nikaandika, mwone alivyojisukuma.

Akajibu kwa kidole gumba.

Jumamosi, 16 Machi

Kaka na wifi wamekuja. Wifi kaweka leso puani tangu getini, hakuitoa mpaka wanaondoka. Kakaa ukingoni mwa kochi kama kochi litamng'ata.

Kaka kamsalimia Baba, kamsifu, kamwambia anang'aa. Kampaka mafuta kwa mgongo wa chupa mpaka mzee kalainika. Halafu kaniita jikoni.

Hapo ndipo nilipoujua mchezo. Kasema nyumba imekuwa banda. Kasema anakijua kifungu cha sheria, mtu anafungwa kwa hao ndege. Nikasema sawa, umekuja kunikamata? Akacheka kidogo. Akasema kapata nafasi kwa ajili ya Baba, makao ya wazee, pazuri, wauguzi wamesomea. Nyumba itapangishwa.

"Na mimi?"

"Wewe uko peke yako. Chumba kimoja kinakutosha."

Alisema hivyo huku anakula ndizi yangu.

Nikasema Baba haendi popote. Nikasema mzee kaanza kujisukuma, umeona picha kwa macho yako. Kaka akasema ndiyo, picha kaiona. Akalitupa ganda kwenye sinki, si kwenye ndoo. Akaenda kuaga.

Baba kamshika mkono muda mrefu, kamwombea heri. Gari lilipoondoka akanigeukia.

"Huyo ndiye anayejali," akasema. "Unamwona? Kaacha kazi zake zote kaja."

Nikaenda kuosha vyombo. Sahani moja imevunjika. Nilitaka ivunjike.

Jumanne, 19 Machi

Tumegombana. Sababu: bata! Wazee wawili wapumbavu.

Nikitembea wananifuata. Jikoni, ukumbini, mpaka mlangoni ninapovaa viatu vya kazini, wamejipanga mstari nyuma yangu, pyuu pyuu pyuu. Sikuwafundisha. Nadhani ni kwa sababu ni mimi niliyewatoa majini. Baba kaona. Kakunja uso. Kasema nawaita kwa makusudi, nawapa chakula kwa siri.

"Waache. Walikuwa kwangu."

Nikasema Baba, nawalisha mimi. Nanunua mayai mimi. Nafagia kinyesi mimi.

"Nani kakutuma?"

Nani kanituma, kweli? Nikainama nikawabeba mmoja mmoja nikamrudishia mapajani. Wa mwisho aliruka akanirudia. Kwa mara ya kwanza katika nyumba hii kuna aliyenichagua mimi, na ana mdomo bapa.

Ijumaa, 22 Machi

Simu kazini. Mwanamke, sauti ya upole. Idara ya wanyamapori. Wamepata taarifa kwamba nyumbani kwangu kuna bata mwitu wanaofugwa bila kibali. Nikajifanya sielewi. Akasema mama, tuna picha. Mzee kwenye kiti, beseni, taulo la bluu.

Picha ile nimeituma kwa mtu mmoja tu duniani.

Nikampigia Kaka palepale, mashine zinanguruma, nikipiga kelele mpaka mwenzangu wa pasi kasimamisha pasi yake. Kaka hakukana. Hata aibu hakuona! Kasema kafanya kwa ajili ya afya ya Baba. Kinyesi cha ndege kina maradhi. Na kasema — hapa ndipo aliponimaliza — kwamba afisa ataandika ripoti kuhusu hali ya nyumba, na ripoti ile itasaidia watu kuelewa kwamba siwezi kumtunza mzee.

Watu gani, nikauliza. Akasema yuko kwenye kikao.

Afisa anakuja Jumatatu.

Nimemwambia Baba kwamba wanakuja kuwachukua. Sikumwambia nani kawaita. Ulimi ulifika kwenye meno ukarudi. Angesema namsingizia mwanawe. Ningeona anavyonitazama, na sina nguvu ya kutazamwa hivyo.

Akalivuta boksi. Kawahesabu mara mbili.

Jumapili, 24 Machi

Nimemuuliza mwenzangu wa pasi kama anaweza kuwaficha. Mume wake hataki, kwao chumba ni kimoja. Nimempigia tena daktari nisiyempigia. Nikiwaachia dimbwini? Manyoya bado, kasema. Hawatapona usiku mmoja. Na mbwa yule bado yupo.

Baba hajala. Supu imeganda kando yake.

Jumatatu, 25 Machi

Naandika nimesimama, daftari liko juu ya jiko. Nimewaambia naenda kutafuta ufunguo. Ufunguo uko mfukoni mwangu.

Afisa ni yule yule wa simu, mama mnene wa makamo, kabeba sanduku la plastiki lenye matundu. Kanipa pole kabla hajakaa. Kaka kaja naye! Kwa suti, kwa gari lake, eti asiachwe Baba peke yake wakati mgumu kama huu. Anamwonyesha afisa ukuta, zulia, doa la pale, na doa la pale. Afisa anaitikia lakini haandiki. Sijui ni ishara njema au anaandika kichwani.

Tulipoingia chumbani hakuna kiti, hakuna boksi. Mlango wa bafuni umefungwa kwa ndani.

Sijui kaanza kujisukuma saa ngapi. Sijui kakifungaje kitasa kwa mkono ule. Kaka kagonga. Baba, ni mimi, mwanao. Maji yanamwagika. Pyuu pyuu.

"Baba, fungua. Wanataka kukusaidia."

"Nani yuko hapo na wewe?"

"Ni afisa, Baba. Mtu wa serikali."

"Nimekuwa mtu wa serikali miaka yangu yote," Baba akasema kutoka ndani. Aliyasema taratibu, neno moja moja, kwa mdomo uliopinda, lakini kila mtu alisikia. "Serikali ikija na sanduku, mtu hatoki mzima."

Afisa akatazama sanduku lake. Akaliweka chini nyuma ya miguu yake. Kaniuliza pembeni kama mzee anaweza kuanguka humo ndani. Nikasema anaweza, maji yakijaa sakafuni kiti kinateleza. Basi lazima tufungue, mama, kasema, si kwa ajili ya bata. Na ni kweli. Najua ni kweli.

Kaka akasema kwa sauti, makusudi, Baba asikie, "Mwache yeye afungue. Ufunguo wa akiba anao yeye."

Nikasogea mlangoni. Nikaweka mdomo karibu na mbao. Sikupanga. Lilitoka lenyewe, lile nililolimeza tangu Ijumaa.

"Baba. Unajua nani aliyewaita?"

Bomba likafungwa.

"Najua," akasema. "Wewe."

Nikamgeukia Kaka. Alikuwa kasimama pale pale, mkono mmoja ukutani. Aliinamisha kichwa, nikadhani sasa atasema. Akatoa simu mfukoni akaitazama. Haikuwa imelia.

Afisa kamtazama yeye, kanitazama mimi. Taarifa iko kwenye simu yake, na jina la mtoa taarifa. Kafungua mdomo. Kaufunga.

Ndipo nikasema naenda kutafuta ufunguo.

Wananiita. Kaka anasema fanya haraka. Baba naye anaita, sauti imepanda, maji yameanza tena: "We! Usifungue! Unanisikia, we? Usiwafungulie!"

Vidole vya mkono wa pili viko mfukoni. Chuma kimepata joto. Nikifungua, nitakuwa ni mimi kweli. Nisipofungua na akaanguka, nitakuwa ni mimi pia.

Kuna kitu kimegonga sakafu huko bafuni. Sijui kama ni beseni au ni Baba. Naweka kalamu, nautoa ufunguo.