Luul Anayepita Kati ya Mkwe na Mkwe

Mpendwa Mshauri,

Pokea salamu zangu za heshima. Naomba unisaidie kabla mwezi haujaisha. Likizo hii nimepata kazi katika banda la kukaushia pareto hapa Kebirigo, nami namshukuru Mungu, na namshukuru Mama Nyamoita, jirani yetu aliyeniombea nafasi, kwa sababu sasa nina tumaini la kurudi shuleni. Lakini msimamizi wetu si mtu wa huku, na bila kujua alimweka Mzee Ombati mlangoni apime maua na Mama Nyamoita ayapokee, na mzee huyo ni baba mkwe wake, nawe unajua kwetu Wakisii mkaza mwana hapokei kitu mkononi mwa baba mkwe, basi mzee akawa anaweka kikapu chini na kugeuka, mama anangoja mzee asogee mbali, hata siku moja mvua ikanyesha, maua yakalowa katikati yao huku wote wawili wakitazama pembeni.

Luul, binti wa Msomali mwenye duka la nguo, ambaye huchambua maua pamoja nami, aliacha meza akakimbia nje. "Mzee, lete! Mimi si mkwe wa mtu hapa." Mzee akacheka: "Mtoto huyu ana mdomo!" Akampa. Tangu hapo Luul ndiye anayepokea na kupeleka, na kazi inakwenda vizuri, ila akina mama wanamsema, "Msichana gani asiye na haya, anataniana na mzee kama rika lake?" na msimamizi anaona tu kwamba anaacha meza yake, amesema mwisho wa mwezi atamfukuza. Msimamizi huyo aliniuliza, "Wewe uliyesoma, hapa kuna nini?" Nikanyamaza. Nikieleza, nitamwaibisha mama aliyenipa kazi. Nisipoeleza, Luul ataondoka kwa kosa la kutusaidia. Nifanyeje?

Wako mwenye shukrani,
Bonareri

Bonareri,

Barua yako ina adabu nzuri, lakini imenikasirisha kidogo. Mgeni amekuuliza asichokijua, nawe ukanyamaza ukaita hiyo heshima. Ya Mama Nyamoita umeilinda. Ya Luul je?

Luul hajavunja haya ya mtu. Haya hiyo ni yetu sisi kwa sisi, haimfungi, ndiyo maana anaweza kupita. Mngekuwa wote wa ukoo mmoja, pareto ingeoza mlangoni kwa heshima!

Kwanza mwambie Mama Nyamoita utakachosema, usimshtukize. Nadhani atapumua, maana ndiye anayesimama kwenye mvua. Kisha mwendee msimamizi, usitaje jina: "Bwana, huku mkaza mwana na baba mkwe hawapeani kitu mkono kwa mkono. Kubeba vikapu kuwe kazi ya Luul, naye asihesabiwe kuwa ameacha meza." Ana macho, atawatambua mwenyewe na atanyamaza.

Jambo moja bado. Umenishukuru mimi, ambaye sijabeba hata kikapu kimoja. Luul umemshukuru lini? Kesho asubuhi, mbele ya hao mama wote, mwambie asante, na useme kwa sauti.